Digrii Kumi na Nane Juu ya Himo

Dishi lilikuja vipande sita kupitia Taveta,
wavu wa chuma na mbavu za mwavuli usiofungika,
na Hasmukh wa duka la vitambaa
akatuonya tusilishike kwa mikono ya grisi.
Mwaka huo Bara haikuwa bado na runinga yake.
Seti chache za Moshi zilionyesha mikanda ya video
au, usiku wa bahati, chenga za Nairobi.

Fundi Ndekirwa alipanda na dira na timazi.
Mimi nilikaa katikati ya ngazi,
kazi yangu mdomo tu:
kupokea neno la sebuleni, kulirusha paani.
"Bado," alisema Kusumben, mama yake Hasmukh, kwenye kochi.
Bado! nikapaza.
Juu, bolti ikalia nusu mzunguko.
Bado!
Mlima ulikuwa kushoto kwetu, umejifunika,
na kwa mara ya kwanza hakuna aliyeujali.
Tulitazama mashariki, chini, karibu na ardhi,
mahali pasipo na kitu.

Nilikuwa nimeiona karatasi iliyokuja na mzigo:
ramani ya Asia, na juu yake duara ndani ya duara
kama chai iliyomwagika kwenye kitambaa cha meza.
Duara la ndani, dishi la kukumbatia linatosha.
La pili, dishi la kimo cha mtu.
La nje kabisa, mita tatu, na Mungu akipenda.
Kituo kilijisifu pembeni: mwaka juzi nyumba laki nne,
mwaka jana milioni tatu,
sasa hawahesabu tena nyumba, wanahesabu mataifa.
Chai ilikuwa inaenea.
Sisi hatukuwemo. Karatasi iliishia baharini.

"Basi hatutapata kitu," nikasema.
Ndekirwa akacheka. Kwao ni Mbokomu, mwisho wa mfongo,
shamba la mwisho kufikiwa na maji.
"Wa juu wakimwagilia, sisi hatuombi zamu.
Tunachimba shimo pana."

Saa kumi na moja jioni sebule ilinyamaza.
Nikangoja neno la kurusha. Halikuja.
Nikachungulia dirishani:
wacheza kriketi wakitembea ndani ya mvua ya chenga,
kisha tangazo la sabuni,
kisha msichana mwenye fimbo mbele ya ramani
akisoma joto la miji.
Delhi. Ahmedabad.
Rajkot, arobaini na moja.
Kusumben, aliyeiacha Rajkot akiwa na miaka kumi na sita,
akavuta ncha ya sari, akajifuta paji la uso.
Nje, Moshi ilikuwa na manyunyu.
"Wewe!" Ndekirwa akafoka kutoka juu. "Bado?"
Nikasema: kaza.

Chaneli tano zikawa kumi na mbili,
zikagawana lugha kama ndugu wanaogawana kihamba,
hii ya Kichina, hii ya Kihindi, hii sinema tupu,
na kila walipoongeza tuliitwa tuongeze waya.
Halafu asubuhi moja nyuso zikachanikachanika.
Kituo kimekua, kimetia kufuli,
kila tone na mita yake,
na kadi haziuzwi kwa watu wa nje ya chai.
Ndekirwa alipanda hata hivyo. Akageuza, akageuza.
Ishara imejaa, alisema akishuka,
ina nguvu kuliko zamani.
Ilikuwa inatufikia. Haikuwa inatutaka.

Dishi liko kwangu sasa, limelazwa juu ya visiki vitatu,
linakausha buni vizuri sana, wavu unapitisha hewa.
Ila mwezi wa tano, manyunyu yakianza
na mimi nikikimbilia kufunika kahawa kwa turubai,
hujikuta nimesimama, nalowa,
natazama palepale, digrii kumi na nane juu ya Himo,
nikijiuliza Rajkot leo ni ngapi.
Paani hakuna mtu wa kumrushia neno.