Maelezo ya Kazi Iitwayo tafuta

Tukuyu, mvua siku ya tisa.
Chini yangu Mwasandube anapima misumari kwa kilo,
juu yangu mabati yanafoka,
na mimi katikati naandika maelezo
ya maktaba ambayo labda watu arobaini wataitumia:

tafuta(uzi, kipande)
Hupokea uzi wa herufi, na kipande.
Hurudisha nafasi ambapo kipande kinaanzia.

Kweli tupu. Haimsaidii mtu.

Weka mfano, basi. Ndani ya "Rungwe"
"ngwe" inaanzia nafasi ya 2.
Lugano, aliyekuja kujifunza kazi, anainua kichwa:
"Ya tatu, dada. Hesabu vidole."
Namwambia, simama stendi. Hujanyanyua mguu.
Umetembea hatua ngapi?
Anatazama viatu vyake vyenye tope.
"Sifuri."
Ndiyo hiyo herufi ya kwanza.

Naandika kwamba M kubwa na m ndogo hazijuani,
kwamba anayetafuta "mbeya" atapita katikati ya "Mbeya"
kama mgeni aliyeelekezwa kwa jina la utani.

Naandika kuhusu hesabu(), ile ya kusema mara ngapi.
Hapa nilikaa asubuhi nzima.
Chukua neno "kukukuta":
kuna kuku anayeanzia sifuri
na kuku anayeanzia mbili,
wawili hao wanachangia bawa moja.
Kazi yetu humla wa kwanza, ikasonga mbele,
ikarudisha 1.
Lugano anaona ni dhuluma. Nami naona hivyo,
lakini maelezo hayatetei, yanasema.

Ukitafuta uzi mtupu, "", utajibiwa 0:
asiyetaka kitu hukipata mlangoni.
(Sentensi hii nimeifuta. Nimeirudisha. Nimeifuta.)

Kisha ile -1.

Mwezi wa pili ushirika wa maziwa uliitumia
kulinganisha daftari na malipo.
Bibi Tusekile Mwakyambiki hakulipwa.
Ng'ombe wawili, lita kumi na moja kwa siku, siku ishirini na nane,
na mashine ikasema -1,
na karani akaitafsiri: hayupo.
Alikuja mwenyewe, sweta la marehemu mumewe, ndoo mkononi,
akasimama palepale anapokaa Lugano sasa.
"Nimeambiwa sipo," alisema. "Nimekuja mniangalie."
Hakuwa anatania.

Tulimpata saa kumi jioni.
Ameandikwa Mwakiambiki,
y imegeuka i mkononi mwa mtu mwenye haraka.
Na kwenye safu ya mifugo, neno "ng'ombe"
lilikuwa na ritifaa iliyopinda, si ile iliyonyooka.
Kwa jicho ni moja; kwa mashine ni mbingu na ardhi.
Kwa hiyo hata ng'ombe wake hawakuwepo,
wale wale aliowakama alfajiri hiyo
kabla ya kushuka kuja kuthibitisha kwamba yupo.

Kazi haikukosea. Hilo ndilo linaloniuma.
Ilitii kila nilichoandika,
na nilichoandika, kwa mkono wangu, kilikuwa:
Hurudisha -1 kama kipande hakipo.

Leo naifuta sentensi hiyo.
Hurudisha -1 kama haikukiona.

Neno moja mahali pa neno moja.
Lugano anauliza kama hilo linastahili toleo jipya,
watu wasije wakatucheka.
Mvua imelegea kidogo; chini
nasikia misumari ikimwagwa kwenye mizani,
ikipunguzwa mmoja, ikiongezwa miwili.

Namwambia aandike tarehe.