Basi, Kelele

Baba yangu, Fundi Chedego wa Kibaigwa,
nyuma ya soko la mahindi,
alikuwa na jibu kabla hujamaliza swali.

"Baisikeli? Mbona jina jepesi.
Mnyororo mkavu unapiga mayowe,
unautia oili, matone matatu, unauambia:
Basi, kelele!
Wazee walisikia vibaya. Likabaki hivyo."
Akajifuta mikono kwenye kaptura
akadai mia mbili yake.

Nililibeba jibu hilo shuleni kama yai la kuku wa jirani.
Mwalimu Mbijima alicheka kwa pua tu,
akaokota kipande cha chaki:
bai ni mbili, ya Kilatini;
sikeli ni gurudumu, la Kigiriki.
Mfaransa akayafungisha ndoa,
Mwingereza akayalipia nauli,
sisi tukayavika irabu
yasije yakatukwama kooni.

"Na kabla ya Mgiriki, mwalimu?"

Alitazama dirishani,
upepo ulikuwa unaburuta mfuko wa saruji uwanjani.
"Wanaofukua maneno wanasema
palikuwa na watu wasiojua kuandika.
Walipoona gurudumu,
walikitaja kitendo chake mara mbili,
zunguka, zunguka,
kama wewe unavyosema kizunguzungu."

Nilirudi nyumbani nikisaka mbili kila mahali.
Pandambili nilizikuta, zimekaa wazi kwenye kibao cha barabarani.
Kibaigwa ina bai tumboni,
lakini nilimuuliza muuza karanga, nikamuuliza na dereva wa lori:
hakuna aliyejua inafanya nini humo.

Uani, Swala ya baba ilikuwa imepinduliwa,
tandiko mavumbini, mpini umejikunja kama pembe za mbuzi aliyechinjwa.
Nyuma hapakuwa na gurudumu.
Mtu wa Mbande ameondoka nalo begani,
ameacha elfu kumi na mbili,
na mama Sechelela ameshazifunga kwenye pindo la khanga:
mchango wa dawati.
Dawati langu.

Ningenyamaza.
Ningeuliza habari za maharage.
Lakini neno jipya halilali mdomoni mwa mtoto.
"Baba, bai ni mbili."

Akaitazama Swala. Akanitazama mimi.
"Kwa hiyo hii," akasema, "imebaki sikeli."

Alicheka mwenyewe, na kiangazi chote hakuacha:
niletee sikeli yangu, nani kaisogeza sikeli,
hadi wateja wakamwita Fundi Sikeli,
hadi msimu wa mahindi, alipookota gurudumu jingine,
dogo kidogo,
na baisikeli ikawa inakwenda imeinua pua
kama mtu anayenusa mvua.
Nilijifunza mengi juu ya dawati lile.
Mengine nimeyasahau.

Ila jioni ya siku ile, kabla ya mzaha kukomaa,
nilimwona akiwa peke yake.
Alichuchumaa, akatia oili kwenye gurudumu lililosalia,
tone moja, la pili, akasita, la tatu,
akalisukuma kwa kidole.
Likazunguka.
Spoku zikayeyuka zikawa ukungu,
halikutoa hata mlio.

"Basi," alisema baba.

Nikasimama mlangoni,
nikisubiri nusu ya pili ya neno.