Mwiba wa Siku Tatu

Mwiba ulikaa siku tatu katika wayo wa mama.
Siku tatu alitwanga, akateka maji, akaenda kanisani Handali na kurudi,
mwiba umo, yeye hana habari.
Mjukuu ndiye aliyeona damu kwenye mkeka.

Muuguzi wa Mvumi hakupandisha sauti:
sukari imekula hisia za miguu.
Asitembee peku. Asivae kiatu kinachobana.
Ndani kusiwe na mshono, kusiwe na msumari,
kusiwe na hata punje ya mchanga.
Nikazunguka masoko ya Dodoma toka asubuhi,
nikarudi na nyanya.

Kwa hiyo, ngozi.
Lungwa wa buchani alinipa ya ndama, nusu bei,
kwa sababu ina kovu la chapa ubavuni.
Niliinyonyoa kwa majivu, nikaizamisha pipani
pamoja na magome ya mgunga, wiki tatu,
maji yakawa mekundu kama chai iliyosahauliwa jikoni,
na majirani wakaanza kupita njia ya nyuma.
"Sechelela, mwanao anapika nini?"
"Anapika kiatu," mama akajibu. "Kikiiva tutawaita."

Kiatu chenyewe hakina soli ya kugonga.
Ngozi moja inaanzia chini ya wayo, inapanda pande zote,
inakutana na kipande kidogo juu ya vidole,
na hapo unaikunja vikunjo vikunjo
kama mdomo wa mtu anayepuliza moto.
Mshono wote unabaki nje, upate vumbi wenyewe.

Nilimsimamisha juu ya mfuko wa saruji, nikachora.
Penseli ilipita chini ya upinde wa mguu,
pale ambapo zamani angecheka na kunizaba kofi la kisogo.
Hakucheka. Alikuwa akitazama mizabibu ya shemeji
na kusema mwaka huu ndege watavuna kuliko watu.
Nilimaliza mguu wa pili, nikainuka, nikajipangusa magoti.
Bado alisimama palepale, akisubiri nianze.

Jozi ya kwanza nilikata vyote vya kushoto.
Nilisahau kugeuza karatasi. Wiki tatu za pipa!
Mama aliviweka dirishani, akavikagua.
"Huyu mwenye miguu miwili ya kushoto
akija kuvichukua, mpe ugali kwanza.
Atakuwa amezunguka sana kabla ya kufika."

Nikarudia. Kipande kilichobaki kilitosha kwa shida,
na lile kovu la chapa likaangukia kisigino cha kulia.
Nikapaka uzi nta, mara mbili, mara tatu,
nikatoboa, nikapitisha shazia, nikavuta mpaka uzi ukalia.
Usiku mmoja taa ya sola ilififia,
maharazi yakakosa ngozi yakaingia kidoleni.
Niliruka, nikatukana, nikanyonya damu.
Halafu nikakaa kimya muda mrefu
nikikisikiliza kile kidole kinavyouma,
kinavyouma vizuri, kwa wakati wake,
bila kuchelewa hata dakika moja.

Jumapili nilipiga magoti mlangoni.
Nikatia mkono ndani ya kila kiatu kwanza,
nikapapasa pembe zote
kama mtu anayetoa mawe kwenye uwele.
Nikamvalisha cha kulia. Nikamvalisha cha kushoto.
Nikafunga kamba, si sana.
Yeye alikuwa akibishana na jirani juu ya ua
kuhusu debe la mtama na ndoo iliyopasuka,
kisha akakatiza maneno:
"Haya basi, nivalishe, kengele ya pili imeshalia."

Mama, tazama chini.

Alitazama.
Aliinua mguu mmoja, akaushusha taratibu
kama anayepita karibu na mtoto aliyelala.
"Vinabana?" niliuliza, swali la kipumbavu.
"Wewe," akasema, "ndiye unayejua."