Swali la Nne

Fomu inauliza, kwa maneno yasiyozidi mia tatu:
utafiti wako utaziba pengo gani katika sheria?
Niko Birere, chumba cha nyuma cha Papa Muhindo,
kompyuta tatu, feni moja, franka elfu kwa saa.
Pengo ninalolijua mimi lina mita ishirini kwa kumi na tano,
lina cheti, lina namba, lina muhuri wa zambarau.
Liko Buhene, chini ya mawe.

Ilikuwa Jumamosi, mwezi wa tano. Mama alitoka
na cheti cha kiwanja ndani ya sufuria,
sufuria kichwani, sisi nyuma yake,
na mbingu nyekundu kama koo la mgonjwa.
Tuliporudi, mparachichi wa mpakani haukuwepo,
wala mpaka.
Jirani yetu Serugendo alileta kamba,
akapima mawe ambayo bado yalikuwa yanafuka,
akasema: kwangu kunaanzia hapa.
Mama akamjibu: hapo uliposimama ni jikoni kwangu.
Wote wawili walisema kweli.
Siku hiyo ndiyo niliyoanza kusoma sheria,
ingawa chuoni niliandikishwa baadaye.

Sheria inasema ardhi ni mali ya Dola. Vema.
Lakini jiwe lililokuja usiku bila hodi,
likalala juu ya kitanda chetu,
ni ardhi, au ni kitu kilichowekwa juu ya ardhi?
Vijana wanalivunja kokoto, wanaliuza kwa ndoo.
Wanauza cha nani?
Nimetafuta katika vitabu vyote vya maktaba,
hata kile chenye kurasa zilizoliwa na panya.
Panya naye hakupata kitu.

Profesa Byamungu alinisainia barua, kisha akavua miwani.
"Katungu, mwanangu, wale watu hawaijui Buhene.
Andika vita. Andika madini. Hizo ndizo pesa."
Niliandika madini. Aya nzima, nzuri, yenye tanbihi.
Nikaisoma kwa sauti ndogo,
nikasikia mtu mwingine akiomba kwa jina langu.
Nikaifuta.

Saa sita usiku ya kwao ndiyo mwisho,
yaani saa saba yetu.
Nilikuwa nimefika neno la mia mbili themanini na saba
Papa Muhindo alipopiga kelele: moto umeenda!
Sisi umeme tunauita moto,
na moto wenyewe tunauita mlima.
Kioo kikawa cheusi, nikaona uso wangu humo,
na maneno yangu yote chini yake, yamefunikwa.

Jenereta ilikohoa mara nne kabla ya kukubali.
Mama akapiga simu: bado tu hujamaliza?
Kwani hao wanataka nini?
Nikamwambia, wanataka kujua pengo liko wapi.
Akanyamaza. Kisha:
"Leo wamekuja tena wa kodi. Wana karatasi yenye jina langu,
namba ya kiwanja imeandikwa sawasawa.
Nikawaambia, haya, nionyesheni basi, na mimi nikione."

Fomu imefunguka upya, tupu.
Swali la nne. Nimeandika:
Mama yangu anadaiwa kodi ya kiwanja asichoweza kukiona.
Maneno manane.
Yamebaki mia mbili tisini na mawili.