Kulabu ya Bombo

Singe husomwa kuanzia kitakoni, si kwenye makali.
Makali yote hudanganya kwa namna moja.
Hivyo ndivyo nilivyomwambia Bi Bakhita Rehani
nikiwa nimechuchumaa kwenye mkeka wake, Bombo,
nyuma ya kambi, jua likianza kulegea,
na lenzi yangu, na rula ya chuma,
na daftari lenye safu nne:
Urefu. Mhuri. Hali. Tofauti.

Alikuwa anasuka kawa la chakula, ukindu mwekundu na wa kijani.
Hakuinua macho.
"Sanduku lile. La marehemu baba. Fungua."

Ya kwanza haikunisumbua: msumari mtupu,
haina bapa, haina haya,
ya vita vya pili, ilizaliwa kwa haraka na chuma cha kubana matumizi.

Ya pili, ya bunduki ya Kirusi.
Kipini rangi ya figo, bapa lina tundu,
na ala ina kifundo cha kuingia tunduni humo
viwe mkasi wa kukatia seng'enge.
Nikauliza ilitoka kwa nani.
"Mwaka ule kila mtu alikimbia akaacha kitu,"
akasema, akavuta ukindu ukalia.

Ya tatu ilikuwa nusu.
Imesagwa, imesagwa, hata imebaki ya kumenyea matoke.
Kwenye Hali nikaandika: imeharibiwa.
Akasoma kichwa chini, kutoka alipokaa.
"Imeharibiwa? Imelisha misiba kumi na miwili hiyo."

Ya nne.

Ndefu, mfereji umelala katikati ya bapa,
mbao za mjozi zimeng'azwa na jasho la viganja,
na kwenye kikingio, kulabu
imejikunja kama mkia wa nge.

Sisi watu wa vyuma hivi tunaijua kulabu.
Jeshi liliona haina kazi, likaacha kuitengeneza
kabla ya vita vya kwanza, na nyingi zilizokuwapo zikakatwa.
Iliyosalia na yake hutafutwa kwa tochi mchana.
Nikameza mate. Nikakohoa.
Bei ya zile tatu nikaitaja kwa sauti ya mnadani,
ya hii nikaipitisha chini chini, kama mtu anayeomba chumvi.

"Mhuri umeuona?"
"Kutu imeumeza, Bi."
"Kutu haimezi. Inatafuna tu."
Akachovya kitambaa kwenye mafuta ya taa,
akasugua shingo ya bapa kwa kidole gumba,
taratibu, kama anayemfuta mtoto pua.
Taji likatokea. Kisha tatu. Kisha kumi na nane.

Machi, mwaka wa kumi na nane.
Nikahesabu kwa vidole, mimi mwenye rula:
kulabu zilikuwa zimeachwa miaka mitano nyuma.

"Hiyo aliitia Kenyi, mhunzi," akasema,
"kwa shaba ya maganda ya risasi.
Usiku niliozaliwa mkunga alikosa pa kutundika kandili,
akaishika kwa meno.
Baba akaapa haitatokea tena."

Nikapitisha ukucha chini ya kulabu.
Mshono ulikuwepo, mstari wa manjano mwembamba kama uzi wa kanzu.
Lenzi yangu ilikuwa imeupita mara tatu.

Umeme ukakatika, kama kawaida yake.
Akaichukua singe mkononi mwangu bila kuniomba,
akaisukuma ncha kwenye tundu la ukuta,
tundu kuukuu, kingo zake zimelainika,
akawasha kandili, akaitundika,
akarudi kwenye kawa lake.

Chini ya mwanga ule nikaandika, safu ya nne:
Kulabu ya shaba. Kazi ya Kenyi. Bombo.
Sijaona nyingine.

Safu ya bei daftari halikuwa nayo.
Huwa ninaiweka kichwani.
Nikaiacha huko huko, nikamshikia ncha ya ukindu
hadi umeme uliporudi.