Kibaba Kinachopunjwa

Nusu lita ya maji, nusu lita ya ethanoli.
Mulatya anamimina, mkono hautikisiki,
kisha ananiita nisome mstari kwenye kioo.
Haifiki lita.
Imepungua kama vijiko viwili vya supu.
"Hakuna aliyekunywa," anasema, wala hacheki.
Hapa Lunga Lunga, nyuma ya mapipa ya rangi,
haba na haba hukipunja kibaba.

Nimeletwa kuifunza mashine kubashiri:
mnato, densiti, joto la kuchemkia,
kabla pipa halijafunguliwa,
kabla shilingi haijamwagika sakafuni.
Chakula chake ni madaftari ya Mulatya,
kumi na tisa, ya jalada gumu la buluu,
mengine yameliwa pembe na asetoni,
moja lina duara la kikombe cha chai
juu ya tolueni ya mwaka wa uchaguzi.
Kila safu: fungu la huyu, fungu la yule, nyuzi za joto,
na sekunde ambazo kimiminika kilichukua
kushuka ndani ya mrija mwembamba kama unywele
toka alama ya juu hadi alama ya chini.
Miaka ishirini na miwili
ya kutazama kitu kikianguka polepole.

Miezi miwili nilinakili. Saba zake hufanana na moja.
Mashine ikala, ikakosea, ikarekebishwa, ikala tena.
Kwa heksani na heptani ilipatia upesi:
ndugu wa nyumba moja hao,
ukiwachanganya hukaa katikati, kimya.
Basi ikadhani dunia nzima hukaa katikati.

Nikaiuliza maji na ethanoli.
Ikachora mstari mnyoofu
kama kamba ya kuanikia nguo, ukuta hadi ukuta.
Mulatya aliutazama amesimama, kikombe mkononi,
akaweka kidole juu ya mstari, juu sana,
karibu kabisa na ukingo wa skrini.
"Huku," akasema. "Hupanda huku."

Kweli, hupanda.
Vyepesi viwili vikikutana
huzaa kizito kuliko vyote viwili.
Vinashikana huko ndani, mahali macho hayafiki,
vinagoma kupita haraka.
Nikarudi kwenye daftari la tatu, la saba,
ukurasa niliouruka kwa sababu ulinuka:
kilima kilikuwa pale, kwa kalamu nyekundu,
tangu siku nilipokuwa darasa la tano.

Ilibaki nambari moja ambayo mashine haikuimeza.
Daftari la kumi na moja, Agosti, saa nane mchana:
sekunde mia nne na kumi na mbili,
na majirani zake wote mia moja themanini na nane.
Nikamwonyesha. Akaivua miwani, akaivaa.
"Futa. Simu ililia. Ndugu yangu, toka Mwingi.
Mama.
Hizo si sekunde za kimiminika."

Kabla ya kufuta nilitoa moja kwa nyingine:
dakika tatu, sekunde arobaini na nne.
Kisha nikafuta.
Safu iliyofuata ni ya siku tisa baadaye,
hati ileile, mnato uleule.

Sasa mstari unapanda, unajipinda, unashuka,
ukikosea asilimia mbili,
na ofisi ya juu imeagiza keki.
Leo kuna mchanganyiko mpya, vitu vitatu pamoja,
ambao hakuna daftari linaoujua.
Mashine imeshasema: mia mbili na sita.
Nje, lori linarudi kinyumenyume likilia.
Mulatya anafuta kioo cha saa yake kwa shati,
anainamia mrija,
kidole gumba juu ya kitufe.

"Usiniambie," anasema.