Fomu ya Safu Mbili

Mkoa umeleta fomu ya safu mbili:
kushoto, Urithi wa Asili,
kulia, Urithi wa Utamaduni.
Ijazwe kwa kalamu ya risasi kwanza, kisha wino, irudi Ijumaa.
Mimi Generosa, karani wa mji wa Tinaguan,
nimevaa viatu vya matope nikafunga ofisi.

Nikaanza na kanisa, maana kanisa ni rahisi.
Kuta za matumbawe, walizozichonga mababu
ambao hawakulipwa hata senti,
wakaziunga kwa chokaa na ute wa mayai
(viini vilibaki, wanawake wakavipikia vitamu
ambavyo hadi leo tunavilia matangani).
Nikaandika kulia.
Kisha nikaliona kombe, limenasa ukutani kando ya mlango,
bado limefumba kinywa,
na kangaga imeota ndani ya ufa wa tetemeko.
Nikafuta.

Kengele, basi. Kengele haina ubishi.
Lakini Melquiades, mpiga kengele, kaniambia
saa ya mnara ilikufa siku ile ya tetemeko,
na tangu hapo yeye hungoja popo.
Wakitoka, naye huvuta kamba.
Miaka yote hii, kumbe, mji mzima
unasali Malaika wa Bwana kwa ratiba ya popo,
na padri hajui.
Nikafuta tena. Karatasi ikaanza kuota manyoya.

Manang Teopista hana muda na fomu.
Makumbi yake yamelala miezi mitatu katika dimbwi la bahari,
yamekatwa, yamekaushwa, yamechomwa siku saba
kwa moto usioruhusiwa kutoa ndimi.
Majivu yamechujwa kwa maji yaleyale ya bahari,
na sasa maji hayo yanatokota
katika vyungu vilivyoning'inizwa juu ya tanuri,
mpaka chungu kishindwe, kipasuke kitako,
kibaki kimekumbatia bonge la chumvi
gumu kama kisigino cha mtembea pekupeku.
Watengenezaji walikuwa kumi na tisa. Amebaki yeye,
na mpwa wake mwenye pikipiki, anayekuja akipenda.
Nikamwuliza: Manang, hii niiweke safu ipi?
Akasema: Iweke kwenye wali.

Jioni nikashuka mtoni Hinulawan
kuwahesabu vimulimuli, kana kwamba wanahesabika.
Mama yangu alikuwa mkunga. Usiku wa giza
alipiga kasia akisoma mililana iliyowaka:
mti wa kwanza, nyumba ya Sotero;
wa pili, pinda, kuna mwamba;
wa tatu, shuka, hapo kuna mwanamke anauma kanga meno.
Nusu ya mji huu ilizaliwa kwa anwani hiyo.
Kisha kaka yangu Crisanto akakata minne
apate bwawa la kamba.
Kamba wakafa kwa ugonjwa mweupe, mwaka wa pili.
Tuliketi naye ukingoni, hatukusemezana.
Mti wa tatu ukawaka wote kwa pamoja,
ukazima, ukawaka.
Penye mti wa pili palikuwa na usiku tu.
Crisanto akasema, polepole, kama anayeomba kukopeshwa:
Miche yake huuzwa wapi?
Sikumjibu kwamba haiuzwi. Kwamba huokotwa
kwenye matope, bure, na mwenye kuinama.

Kuna swali la mwisho katika fomu: Hali.
Nzuri. Hatarini. Imepotea. Weka alama moja.

Alhamisi Manang Teopista alinivunjia kipande cha chumvi,
hakuwa na cha kukifungia,
akaichukua karatasi mkononi mwangu.

Ijumaa nimeituma hivyohivyo:
kushoto matope kidogo, kulia manyoya ya kifutio,
na katikati, juu ya mstari,
duara la unyevu ambalo halikauki,
kwa sababu chumvi ile hunywa hewa.
Wakiona haijajazwa, na walambe.